Hedifoni za kompyuta zisizokufa upande mmoja

Ndugu, umesema hedifoni zako zote hufa upande mmoja na bajeti yako ni ndogo. Mara nyingi kinachokufa si spika, ni waya, pale unapoingia kwenye pini. Mimi nilizika tatu hivyo kabla ya kushtuka. Tafuta zenye waya unaochomoka. Ukikatika, unanunua waya tu. Audio-Technica ATH-M40x ziko hivyo, ila bei imechangamka. Wadogo zao M20x waya hauchomoki, lakini kwa bei yake sauti ni safi. Achana na mbwembwe za taa. Dukani zivae, cheza wimbo unaoujua, huku unatikisa waya karibu na pini. Ikikwaruza, rudisha. Laptopu ikiwa na tundu moja na unataka maiki, pini iwe na mistari mitatu.