Suswa: Kabla Hujalala Mlimani, Hesabu Maji

Watu wakisikia nimelala mara tatu Suswa, mlima wa volkano kwenye Bonde la Ufa la Kenya, huniuliza kwanza mlima una urefu gani, kisha huuliza kama kuna chui. Hakuna anayeuliza maji. Mimi pia sikuuliza mara ya kwanza.

Nianze na huo urefu tumalizane nao. Kilele chake, Ol Doinyo Nyokie, yaani mlima mwekundu kwa Kimaasai, kina mita 2,356. Jirani yake Longonot una 2,776. Na kwa kuwa Nairobi yenyewe iko mita 1,700 na ushei juu ya bahari, mkazi wa Nairobi anapanda mita kama mia sita tu kupita kitanda chake. Hapo ndipo watu wanapodharau. Longonot ukiuona kutoka barabarani unajua huo ni mlima, una mabega na shingo. Suswa ni kama sufuria ya uji mzito iliyomwagika ukatambaa kila upande: lava yake ilienea badala ya kupanda juu. Baadaye sehemu ya juu ikaporomoka, tena si mara moja bali mara mbili, ndiyo maana kuna kasoko, yaani shimo kubwa la volkano, ndani ya kasoko. La nje ni kubwa hivi kwamba watu wanaishi humo na ng'ombe wao: kilomita kama 12 kwa 8. La ndani lina upana wa kilomita kama 5, na katikati yake kuna bonge la mawe na msitu lililozungukwa na mtaro wa kutisha, mfano wa kisiwa kisicho na bahari.

Mara ya kwanza tulikwenda wanne, mwezi wa Februari, kupitia mtu aliyetuchangisha kwenye kikundi cha WhatsApp. Ujumbe wake ulisema kambini maji yapo. Sisi tukabeba lita 2 kila mmoja, na soda. Kufika saa kumi jioni nilikuwa na maji ya kutosha kusukutua mdomo.

Mzee wa Kimaasai aliyekuwa kiongozi wetu alizunguka gari, akachungulia nyuma, akachungulia tena. "Maji yenu iko wapi, mama?" Nikamwambia tumeambiwa yapo hapa. Hakucheka wala hakukasirika. Akatuambia Suswa hakuna mto wala kisima, kisha akachukua fimbo yake akasema tumfuate.

Tulichokiona ni bomba la chuma lenye kutu, nene kama mkono wa mtoto, limechomekwa kwenye ufa wa mwamba. Pale lilipoingia pamezibwa kwa mawe na udongo ili mvuke usitoroke. Ukiweka kiganja karibu unakiondoa mwenyewe bila kuambiwa. Bomba linateremka polepole, na kule mwisho, likiwa limeshapoa, kuna mtungi wa njano uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia. Tone. Unasubiri, unafikiri limekwama. Tone. Volkano inapumua, chuma kinapoza ile pumzi, na familia nzima inakunywa. Mzee alisema mtungi hujaa haraka zaidi usiku wa baridi, na kwamba ng'ombe nao wanasubiri zamu yao.

Tulipewa lita 3 kutoka kwenye mtungi ule. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimeshawahi kuanguka kwenye harusi.

Kwa hiyo hesabu yangu sasa ni lita 5 kwa kila mtu kwa usiku mmoja, na kama mmekuja na gari, mtungi wa lita 20 juu yake. Tatu za kunywa, moja ya kupikia, moja ya yale yasiyotajwa. Usihesabu soda. Na aliyeandaa safari akikwambia maji yapo, muulize yanatoka wapi. Akibabaika, beba yako.

Njia ni rahisi mpaka pale inapoacha kuwa rahisi. Unatoka Nairobi, unateremka Mai Mahiu, unashika barabara ya Narok hadi mji wa Suswa. Haizidi kilomita 100. Matatu za Narok zinapita hapo. Reli ya SGR nayo ilifika Suswa mwaka 2019, ila ukishuka stesheni bado mlima unakusubiri na huna usafiri. Kutoka mjini kwenda juu ni kazi ya gari lenye nguvu magurudumu yote manne, au bodaboda wa huko anayejua kila jiwe. Nilimwona kijana mmoja akipandisha gari dogo la mjini kwa ujasiri mwingi. Tulimkuta tena tukirudi kesho yake, palepale.

Shida ya barabara ile ni udongo. Ni majivu ya volkano, mepesi kama unga. Kiangazi yanaingia puani, kwenye simu, kwenye chapati. Mvua ikinyesha yanasombwa. Mnakumbuka Machi 2018, picha za ufa mkubwa ulioikata barabara ya Mai Mahiu–Narok hapo hapo karibu na Suswa, dunia nzima ikatangaza kwamba Afrika inagawanyika? Wanajiolojia wengine walisema ni bonde la ufa linatanuka, wengine wakasema ni maji ya mvua kubwa tu yaliyochimba majivu laini chini kwa chini mpaka juu pakabomoka. Vyovyote iwavyo, mimi sipandi Suswa kati ya Machi na Mei, na Novemba naiogopa vilevile. Mlima huu ama haukupi maji kabisa, ama unakupa yote kwa siku moja.

Kuhusu kiongozi, usiende bila yeye. Sababu si chui, ingawa chui wapo na fisi utawasikia. Sababu ni mashimo. Lava ilipokuwa ikitiririka, juu iliganda ikawa ganda gumu huku ndani bado inakwenda, na ilipokwisha kupita ikaacha mahandaki matupu. Ndiyo mapango ya Suswa. Mengine paa lake limebomoka ukapata mlango mzuri wa kuingilia. Mengine paa limetoboka kidogo tu na nyasi zikaota juu. Mzee alituambia tukanyage alipokanyaga. Mimi nikatoka hatua tatu pembeni kupiga picha ya jua linazama, mguu ukazama mpaka gotini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yule mkuu alikuwa amesimama pale pale na fimbo yake akinitazama. Nilitoka na mchubuko na kiatu kimoja kimejaa majivu. Hakusema neno. Ila tangu hapo alinishika mkono kila tulipovuka mawe, kama bibi harusi, na wenzangu hawajaacha kunicheka.

Kubalianeni bei mapema. Kuna ada ya hifadhi ya jamii, kuna ya kulala, kuna ya kiongozi, na mlinzi wa usiku kama mnamtaka. Waulize wenyewe kwa simu kabla ya kuondoka nyumbani, wakuandikie kwa ujumbe, mbebe pesa taslimu kwa sababu mtandao huko juu unakuja na kuondoka kama upepo. Kumbishania mzee shilingi mia mbili saa mbili usiku, gizani, kwenye mlima wake, ni utovu wa akili kabla hata ya kuwa utovu wa adabu.

Mapangoni nendeni jioni. Kuna pango wanaloliita Bunge la Nyani, ambako nyani huingia kulala wamkwepe chui, na mawe wanayokalia yamesuguliwa na makalio yao vizazi na vizazi mpaka yanang'aa kama meza ya seremala. Kaa mbali, nyamaza, watakuja mmoja mmoja. Popo nao wako maelfu, wakiwemo wale wakubwa wenye masikio mapana. Hapa niseme kwa ukali kidogo: vaa barakoa, usishike kuta, usipige tochi juu. Vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba kuvu wanaodhuru mapafu, na nchi hii imeshapata visa vya Marburg, homa ya virusi inayoua, vilivyohusishwa na pango la Kitum kule Mlima Elgon, mwaka 1980 na 1987. Sisemi Suswa ina Marburg. Nasema pua yako ni yako.

Usiku sasa. Mimi ni mtu wa Mombasa, baridi kwangu ni kipupwe cha Julai na feni ikizimwa. Suswa upepo unapita juu ya ukingo wa kasoko bila kupiga hodi. Jambo la kwanza utakalogundua ni kwamba vigingi vya hema havishiki kwenye majivu. Unapigilia, unavuta, kinatoka kama mshumaa kwenye keki. Funga kamba kwenye mawe makubwa. Jiwe kwenye kila kona, na mawili upande wa upepo. Mzee alitandika matawi ya leleshwa chini ya hema letu, ile miti midogo ya majani ya kijivu iliyojaa kote huko. Ukiyaponda yananukia kama kafuri, na morani huyaweka kwapani yawe manukato. Nililala juu ya harufu hiyo na sikuota ndoto hata moja.

Beba mfuko wa kulalia ulio mzito kuliko unavyodhani, godoro jembamba la kutenganisha mgongo na ardhi, soksi za pili zisizoguswa mpaka usiku. Na leso. Nilibeba mbili kwa mazoea tu, zikafanya kazi kuliko koti: moja puani kukinga vumbi, moja kichwani, zote mbili zikawa mto. Chakula kifungieni garini, nyani ni wezi wenye subira. Viatu vilale ndani ya hema. Ukitaka kutoka usiku, amsha mwenzako, washa tochi, usiende mbali. Najua ni aibu. Amsha tu.

Tuliondoka kambini saa kumi alfajiri kufuata ukingo wa kasoko la ndani kuelekea Nyokie. Mwendo si mgumu wa kukata pumzi, ni mgumu wa vifundo: mawe ya lava yenye makali, kisha nyasi ndefu, kisha mawe tena. Viatu viwe vya kushika kifundo, na suruali ndefu. Kiongozi ndiye awe mbele na anayechoka haraka awe wa pili, si wa mwisho. Kundi letu lilifanya kinyume, dada mmoja akawa anatembea peke yake gizani nusu saa nzima, na alipotufikia hakutaka kusemeshwa.

Halafu kukapambazuka. Hewa ikiwa bado ya baridi ndipo mvuke unaonekana, nyuzi nyeupe zinapanda kutoka kuta za kasoko hapa na pale, kama vijiji vinavyopika chai. Jua likipanda vijiji vyote vinazima moto. Mvuke upo bado, ila huuoni. Ni joto hilo hilo la bonde la ufa linalozalisha umeme Olkaria tangu 1981, hapa halina mtambo, lina bomba la mzee. Na mlima haujafa: satelaiti zilipima Suswa ukishuka kwa sentimita chache kati ya 1997 na 2000. Mwenzetu mmoja aliposikia hayo kileleni alikaa chini, eti apunguze uzito.

Mtaulizwa kama mnataka kushuka hadi kile kisiwa cha katikati. Kwa safari ya usiku mmoja, hapana. Kuta ni wima na mtaro umejaa mawe yaliyolaliana vibaya. Kitazame kutoka juu, ule mayai yako ya kuchemsha, uanze kurudi. Saa nne jua linauma, na vivuli ni vichache.

Safari ya pili nilikwenda na mitungi miwili ya ziada, nikampelekea mke wa yule mzee deni letu la lita 3 na riba yake. Alinishukuru sana, akamimina kikombe, akaonja. Akakitazama kikombe. Akaniambia kupitia kwa mumewe kwamba maji ya mjini yananuka plastiki, atawapa mbuzi, kisha akachukua kikombe chake akaenda kukinga kwenye bomba.