Makinda ya njiwa wanaokufa wiki ya pili: kabla ya dawa, tazama mahindi

Mkuu, umesema una jozi sita. Makinda wanaanguliwa vizuri, siku tano za kwanza wananawiri, halafu kuanzia siku ya nane wanadumaa, na kila wawili mmoja hafiki wiki tatu. Dawa mbili umeshanunua na hali ni ileile. Chakula unachowapa ni mahindi ya kuparaza, pamoja na chenga za mchele zikipatikana. Mimi nafuga hapa Tanga, Ngamiani, na hayo yalinikuta msimu wangu wa kwanza.

Nilipoteza makinda tisa. Yule wa tisa nilimpasua, kwa kushauriwa na mzee mmoja wa Makorora aliyefuga njiwa tangu udogo wake. Nilitegemea kukuta gole, kile kifuko cha chakula shingoni, tupu, niseme wazazi hawalishi. Nikakuta gole limejaa mahindi pomoni, lakini kifuani hamna nyama, mfupa umesimama kama kisu. Kinda alikufa ameshiba. Yule mzee akanitazama akasema, "Mwanangu, huyu kakosa kunde."

Ilinichukua muda kuelewa. Njiwa, dume na jike wote wawili, hutengeneza maziwa ndani ya gole. Siku mbili hivi kabla yai halijapasuka, ukuta wa gole hunenepa na kuanza kumenyuka vipande laini mfano wa mtindi uliogandamana. Ukiyakausha maziwa hayo, zaidi ya nusu yake ni protini, na karibu theluthi ni mafuta. Ndiyo maana kinda anayetoka kwenye yai na gramu 15 hadi 20 huongezeka maradufu ndani ya siku mbili tu. Siku nne au tano hali kitu kingine. Baada ya hapo wazazi huanza kumchanganyia nafaka zilizolowa goleni, na ikifika siku ya kumi maziwa yamebaki kidogo mno. Kuanzia hapo anakula kile ulichomwaga wewe kwenye sahani.

Sasa piga hesabu. Mahindi yana protini asilimia 8 au 9, na mchele uko chini ya hapo. Umemshusha mtoto kutoka zaidi ya nusu hadi hapo, wakati uleule manyoya yanapochipua, na manyoya karibu yote ni protini. Wiki ya kwanza kosa halionekani kwa sababu wazazi wanatoa miilini mwao. Mshike jike wako leo umpapase kifua, utaniambia.

Njiwa anayelea anataka chakula chenye protini ya asilimia 15 hadi 18. Huhitaji kuagiza kitu mbali, sokoni Mgandini kila kitu kipo. Katika kilo 10 mimi naweka mahindi kilo 2, mtama 3, uwele 1, na jamii ya kunde kilo 4: choroko 2, kunde 1, mbaazi 1. Mtama una asilimia 10 au 11, uwele kama 11, choroko na kunde 23 au 24, mbaazi 21 au 22. Zidisha, jumlisha, gawa kwa 10, utapata kama 15. Kunde zina faida nyingine pia: zina lisini, kijenzi cha protini ambacho mahindi na mtama vinakipungukia sana, na nafaka nazo huziba pengo la kunde. Choroko zikipanda bei naongeza kunde na mbaazi, ila siwapunguzii wanaolea hata wiki moja. Nikitenganisha madume na majike wapumzike, jamii yote ya kunde inashuka hadi kilo 2 katika 10. Inatosha.

Wape chakula kipimo, wamalize, ndipo uongeze. Ukijaza sahani asubuhi hadi jioni watachagua wanachokipenda na kukuachia vingine, na mchanganyiko wako utakuwa wa bure. Wenye makinda nawapa mara tatu kwa siku, na maji safi hayakosekani, kwa sababu wakati wa kulea wanakunywa mno.

Soya usiwape mbichi, inazuia protini isisagike tumboni, ikaange kwanza. Maharage mabichi achana nayo kabisa, yana sumu. Unga wa kuku niliujaribu, wakautawanya chini, njiwa anataka punje. Na kwa unyevu huu wa pwani, nusa gunia kabla hujalipa: punje zenye ukungu, hasa mahindi na karanga, zinaua taratibu. Magamba ya chaza naokota ufukweni Sahare, nayaosha mara kadhaa chumvi itoke, nayaanika, nayaponda, nawawekea kibakuli chake. Jike anayetaga bila hayo anachimba chokaa kwenye mifupa yake.

Kuna jambo wengi hawalitazami. Makinda wakifika wiki mbili au tatu, jike hutaga tena, na dume hubaki analisha karibu peke yake. Kama umeshapunguza kunde kwa kuwa makinda "wamekua", hapo ndipo yule mdogo anapoachwa nyuma. Weka vyungu viwili vya kutagia kwa kila jozi, na usipunguze chochote.

Nisikudanganye pia kwamba kila kifo ni chakula. Mfungue mdomo kinda anayedhoofu. Ukiona uchafu wa njano kama jibini kooni, huo ni ugonjwa, unapita kutoka kwa wazazi kwa njia ya maziwa hayohayo, na hapo mwite mtaalamu wa mifugo. Koo likiwa safi na gole limejaa mahindi, rudi kwenye kunde.

Zile jozi mbili ulizosema zimeatamia siku ya kumi, anza nazo leo. Yai linakaa siku 17 hadi 18, kwa hiyo una wiki moja ya kuwanenepesha wazazi kabla maziwa hayajaanza kazi. Wapime makinda siku ya saba na ya kumi na nne kwenye mzani wa jikoni, kila mmoja peke yake, uandike, kisha uje utupe hizo namba hapa.