Maswali ya wahandisi wachanga: paka grisi kwanza

Leo nawajibu mliotoka vyuoni na kuingia kwenye makampuni. Walioniuliza namna ya kujisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, maelekezo yako kwenye tovuti ya Bodi yenyewe. Someni.

Shikamoo mzee. Nina digrii ya uhandisi mitambo, nimeajiriwa na kampuni ya matengenezo hapa mjini. Wiki ya tatu sasa naosha vipuri kwa dizeli na kuvipaka grisi stoo. Hii si kazi ya mhandisi. Niwaambieje? (Kijana wa Mwanga, Kigoma)

Marahaba. Usiwaambie kitu. Waulize vipuri hivyo ni vya mtambo gani.

Uko Kigoma na hujui habari za Liemba? Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kabla ya hapo wahandisi wake walizipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiibua 1924, injini zikakutwa bado zinafaa, na 1927 meli ikaanza kazi kwa jina jipya. Hao waliopaka grisi walikuwa wahandisi, na hawakuona haya.

Basi rudi stoo, ila safari hii nenda na venia na mikromita, vile vifaa vya kupimia unene na kipenyo, na daftari. Kila shafti unayoiosha, pima kipenyo pale beringi inapokaa, andika tarehe na namba ya mtambo. Beringi iliyochakaa usiitupe kabla hujaitazama ndani. Ukiona njia ya gololi imekwenda mshazari kwenye ringi isiyozunguka, ujue mota na pampu hazikunyooshwa sawasawa, na beringi mpya itakufa vilevile. Jifunze kusoma namba zake pia: kwenye 6205, zile tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5, unapata tundu la milimita 25. Fundi wako wa darasa la saba anajua hayo bila kuangalia kitabu. Wewe mwenye digrii unajua?

Nalisema hili kila mara na nitalisema tena. Mpango wa mafunzo kwa vitendo wa Bodi ni wa miaka mitatu, na una kumbukumbu za kujaza. Vijana wengi hukaa mwaka mzima bila kuandika mstari, kisha hukesha usiku mmoja wakitunga. Ukikaa mbele ya wanaokuhoji utaulizwa ulipima nini na ukapata ngapi. Hapo hakuna wa kumnakili.

Nijifunze programu gani ya kuchorea kwenye kompyuta, AutoCAD au SolidWorks? (Wengi mno)

Ile ambayo kampuni yako imeilipia leseni. Lakini kabla ya hapo nenda kapime flanji, lile bapa la kuungia mabomba kwa bolti, yenye matundu manane, uichore kwa penseli, umpe fundi wa kukereza aitengeneze bila kukuuliza swali. Ukishindwa hilo, kompyuta haitakuokoa.

Niko Tabora, kampuni yetu inafunga pampu za maji. Pampu mpya inavuta maji kisimani, kimo cha mita 6 na nusu, inatoa mlio kama imemeza kokoto. Fundi anasema beringi. Tumebadilisha beringi mara mbili. (Mhandisi mhitimu, Ipuli)

Mnabadilisha beringi ya tatu lini?

Pampu haivuti maji, hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma ndani ya bomba. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa inaweza kuyainua mita 10 na kidogo, na hiyo ni kwenye karatasi tu. Tabora mko kama mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo mnaanzia mita 9 hivi. Toa karibu nusu mita ya mvuke wa maji yenye joto la kwenu. Toa msuguano wa bomba, viwiko na vali ya chini yenye chujio, tuseme mita 1. Halafu fungua katalogi uone pampu yenyewe inadai ngapi mdomoni mwake. Ikidai 3, umebaki na mita 4 na nusu, na hapo hujaacha akiba yoyote. Wewe umeweka 6 na nusu. Presha ya bomba inashuka mno, maji yanachemka yakiwa baridi, vipovu vinapasukia kwenye impela, lile gurudumu la mapanga ndani ya pampu, na hizo ndizo kokoto mnazozisikia. Ifungueni, mtakuta impela imetobokatoboka.

Ishusheni pampu karibu na maji, au wekeni ya kuzama. Bomba la kuvutia liwe pana na fupi, viwiko vichache. Kwa muda, punguzeni vali ya upande wa kutolea. Msiiguse ya upande wa kuvutia, mtazidisha ugonjwa. Na aliyechagua pampu hiyo kwa kutazama nguvu ya mota peke yake aitwe aje asome hapa.

Mshahara wa kuanzia mhandisi mitambo ni kiasi gani? (Kasulu)

Unategemea kampuni. Nakukumbusha tu kwamba kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mfuko wa hifadhi ya jamii nao una chake. Omba mkataba wa maandishi kabla ya kununua pikipiki.

Nina mwezi wa pili kazini. Bosi anataka nisaini fomu ya ukaguzi wa winchi ya kupandishia mizigo kwa sababu mwenye kusaini amesafiri. Anasema ni karatasi tu. (Jina nimelihifadhi)

Usisaini.

Mhandisi mhitimu hufanya kazi chini ya usimamizi, hana mhuri, na ukaguzi wa vifaa vya kunyanyulia una watu wake wanaotambuliwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Waya ukikatika na mtu akalala chini, watatafuta jina lililoko kwenye fomu, na bosi atakuwa amesafiri naye.

Lakini kukataa bila kufanya kitu ni uvivu. Panda ukaitazame. Hesabu nyuzi zilizokatika kwenye waya, pima mdomo wa ndoano ulinganishe na kipimo cha mtengenezaji, jaribu breki bila mzigo. Andika ulichokiona, weka tarehe, mpelekee kwa maandishi ukisema mashine isubiri mkaguzi. Akikufukuza kwa hilo, amekupunguzia safari ya mahakamani.

Mimi ni binti, mhandisi peke yangu karakana nzima. Mafundi wananituma chai na kuniita mtoto wa shule. (Ujiji)

Fundi mkuu mwamkie kila asubuhi, ana umri wa baba yako. Chai iwe kwa zamu, na zamu yako ikipita usiinuke tena. Heshima ya karakana utaipata siku watakapobishana kuhusu kipimo, na kipimo chako ndicho kikawa sahihi.

Linalonitia hasira ni waajiri. Wananunua ovaroli za saizi moja, za wanaume, kisha binti anasimama kwenye mashine ya kukereza mikono ya ovaroli ikining'inia. Dai ovaroli inayokutosha. Ushungi uingie ndani, ncha isibaki nje. Hakuna glavu kwenye mashine inayozunguka, wala pete. Na choo chenye kitasa si upendeleo, ni haki.

SGR ikifika Kigoma tutapata ajira? Nasubiri. (Uvinza)

Mkataba wa kipande cha reli hiyo mpya, Tabora hadi Kigoma, ulisainiwa 2022. Reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, ilifika hapa 1914 na bado inataka mafundi. Ujenzi huajiri wengi na kuwaacha wengi. Matengenezo huajiri wachache na kuwashika. Ukitaka kuingia huko, jifunze sasa breki za hewa, mifumo ya haidroliki na kuchomelea. Kusubiri hakuandikwi kwenye CV.

Nimekuambatanishia CV, naomba unisaidie kupata kazi. (Nzega)

Nimeisoma. Kuna uongozi, kujituma na kufanya kazi chini ya shinikizo. Hakuna mashine hata moja. Iandike upya: mtambo gani, uliufanya nini, nani alikusimamia. Halafu peleka mwenyewe, kwa miguu, kwenye karakana tatu za Nzega kabla ya kuniandikia tena.