Akwariamu ya Maji ya Chumvi: Kichujio Chenyewe Ni Mawe

Wengi wanaokuja kuliona tangi langu hapa Dar es Salaam huuliza kwanza bei ya samaki, halafu bei ya filta. Yote mawili yana majibu, lakini si hayo yanayoamua kama samaki wako watamaliza miezi mitatu. Kinachoamua ni bakteria usiowaona kwa macho, na muda uliowapa kabla ya kununua samaki wa kwanza.

Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, mfululizo, zaidi kupitia kwenye matamvua. Chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia pia. Baharini inapotea kwenye maji mengi, ila ndani ya tangi la lita 200 haina pa kwenda. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki wanaivumilia kwa kiasi. Bakteria hawa hukaa wameganda kwenye mawe, mchanga na vioo, popote panapopita maji yenye oksijeni. Huzaliana polepole, ndiyo maana tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla halijaweza kubeba samaki.

Kwa mfugaji wa maji ya chumvi jambo hili ni zito kuliko kwa yule wa maji baridi. Amonia ina sura mbili majini, moja ni sumu kali na nyingine ina madhara kidogo, na kinachoamua ipi izidi ni pH (kipimo cha uchachu wa maji) na joto. Maji ya bahari yana pH ya 8.1 hadi 8.4. Kiasi kilekile cha amonia, kwenye pH ya 8.2, kina sumu zaidi ya mara kumi ya kile kilichoko kwenye pH ya 7. Mtu aliyezoea kufuga samaki wa maji baridi asidhani uzoefu ule utamvusha hapa.

Kulianzisha tangi si lazima utumie samaki hai, na mimi nasema usitumie kabisa. Kuwaweka kwenye amonia ili waamshe bakteria ni kuwatesa bure. Nunua kamba mmoja sokoni, mtumbukize, mwache aoze. Pima amonia kila baada ya siku mbili tatu. Itapanda, itafuatiwa na nitriti, kisha vyote viwili vitashuka na nitreti itaanza kuonekana. Amonia na nitriti zikisoma sifuri na zikabaki hapo hata ukitia chakula kidogo, tangi liko tayari.

Vipimo vya matone ndivyo ninavyovipenda. Unachota maji kwenye kichupa cha kioo, unadondosha matone, unatikisa, unasubiri dakika zilizoandikwa. Kwenye kipimo cha amonia kilichozoeleka, njano safi ni sifuri, na kijani ni hatari. Shida iko katikati, pale njano inapoanza kuelekea kijani, kwa sababu taa ya sebuleni hudanganya macho. Peleka kichupa dirishani mchana, weka karatasi nyeupe nyuma yake, ndipo ulinganishe na kadi ya rangi. Ukisoma chini ya taa ya njano usiku, utajiambia mambo ni salama kumbe sivyo.

Sasa mawe. Kwa kuwa ndiyo makao ya bakteria, fedha yako ya kwanza iende huko. Usiende kung'oa matumbawe hai. Miamba yetu imeumia vya kutosha, na matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Huna haja nayo. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya zamani, yaleyale yaliyojenga nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na huchimbwa nchi kavu. Chagua yenye matundu mengi, yasugue, yaloweke wiki kadhaa huku ukibadilisha maji, hadi maji yabaki safi na hayatoi harufu. Jiwe lenye matundu lina nafasi kubwa mno ya bakteria kuliko jiwe laini la ukubwa uleule, na ndani yake, oksijeni inakokwisha, huishi bakteria wengine wanaoivunja hata nitreti na kuitoa kama gesi.

Juu ya mawe ongeza pampu ya kusukuma maji na skima, yaani mtambo wa povu. Skima inanunuliwa na wengi bila kujua inafanya nini. Inaingiza viputo vidogo sana kwenye bomba la maji, na uchafu ulioyeyuka, hasa protini na mafuta, hunata kwenye uso wa viputo na kupanda navyo hadi kwenye kikombe cha juu. Kwenye maji ya chumvi viputo hubaki vidogo, ndiyo maana kifaa hiki hakifai sana kwa maji baridi. Ukifungua kikombe baada ya siku chache utakuta maji ya kahawia yenye uvundo mkali. Furahi, maana huo ni uchafu uliotoka kabla haujawa amonia. Sponji haifanyi hivyo. Sponji inaukamata uchafu na kuuacha humohumo majini uendelee kuoza, mpaka wewe uioshe. Ioshe kila wiki, tena kwa maji uliyoyatoa kwenye tangi, si kwa maji ya bomba yenye klorini. Klorini iliwekwa kuua bakteria, na haibagui wako. Na mkaa unaouzwa kwa ajili ya filta ni mkaa uliotengenezwa maalumu, wenye vitundu vingi mno vya kunasa uchafu. Mkaa wa jikoni usiuguse.

Kwenye chumvi, kipimo ni gramu 35 kwa kila lita, au 1.026 ukitumia kipimo cha uzito wa maji kwenye joto la nyuzi 25. Chumvi ya mezani haifai. Maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na salfeti, na viumbe wanavitegemea. Ukinunua chumvi ya akwariamu, mimina chumvi kwenye maji, usimimine maji kwenye chumvi, la sivyo kalsiamu itaganda na kuacha unga mweupe chini. Yaache yazunguke na pampu siku nzima kabla ya kuyatumia. Maji yenyewe yawe yamechujwa kwa mashine ya RO, inayoyasukuma kupitia utando unaozuia chumvi na madini. Ukilazimika kutumia ya bomba, ondoa klorini kwa dawa yake. Maji ya visima vya hapa mjini mengi yana chumvi na madini yasiyotabirika, mimi siyatumii.

Sisi wa pwani tuna bahati ya kuchota baharini, lakini chota kwa akili. Usichote karibu na mdomo wa mto. Hapa Dar, eneo unakomwagia Mto Msimbazi halifai hata kidogo. Usichote baada ya mvua za masika, maji yakiwa yamechanganyika na tope na chumvi imepungua. Panda ngalawa au boti, toka nje ya mwamba, maji yakiwa yamejaa. Tumia madumu ambayo hayajawahi kubeba dawa wala mafuta. Nyumbani, chuja kwa kitambaa kizito kisha pima chumvi.

Halafu kuna jambo dogo linalowaangusha wengi kuliko yote: maji yakikauka, chumvi haiondoki. Chukua tangi la lita 200 lenye chumvi ya 35. Kwenye joto la Februari, na feni ikipuliza juu ya maji, kupoteza lita 2 kwa siku ni kawaida. Usipoongeza kitu kwa siku kumi, umebaki na lita 180 na chumvi imepanda hadi karibu 39. Ukiwa hujui ukajazia kwa maji ya bahari, umezidisha. Bandika mkanda mwembamba kwenye kioo usawa wa maji, na kila asubuhi rudisha kwenye mstari huo kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi ni ya kubadilisha tu, unapotoa asilimia 10 ya maji kila wiki na kurudisha kiasi hichohicho.

Ila usitegemee kubadilisha maji kukuokoe na chakula kingi. Nitreti ikiwa miligramu 40 kwa lita, asilimia 10 inaishusha hadi 36 tu. Lisha kidogo, kinacholiwa ndani ya dakika mbili.

Kuhusu pH, usiikimbize kwa dawa. Pima alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, iwe kati ya 8 na 11 dKH (digrii za kipimo hicho), na fungua madirisha, kwa sababu chumba kilichofungwa chenye watu wengi hujaa kabonidioksidi, na hiyo hushusha pH. Kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita na magnesiamu ya 1250 hadi 1350 zitakuhusu utakapofuga matumbawe, na hilo lisubiri mwaka wa pili.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni, hasa maji yakipita nyuzi 28, kwani maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Weka akiba nyumbani pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua taa yoyote ya kifahari. Kama una filta ya kopo lililofungwa na imesimama saa nyingi, usiiwashe tu umeme ukirudi. Bakteria ndani yake wamekosa hewa, maji yamechacha, na yataingia moja kwa moja kwa samaki. Mwaga kwanza, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Siku ya kuchagua samaki, anza na samaki wawili wadogo wa anemoni (wanaoishi kati ya mikono ya anemoni wa baharini), kisha pima amonia kila siku kwa wiki nzima kabla ya kuongeza mwingine. Kangaja, samaki bapa wa miamba, anavutia, lakini anahitaji nafasi ya kuogelea ambayo lita 200 hazina. Na kabla hujalipa, mwombe muuzaji amlishe samaki mbele yako. Asipokula dukani, mwache hapohapo.