Posta zipi nitundike chumba cha muvi? Majibu ya maswali yenu

Wapendwa, kila nikiongea habari za projekta na spika mnanirudisha kwenye kuta, chumba kimekamilika ila kinaonekana kama stoo. Maswali ni mengi, nimechukua saba.

Swali: Nilishusha posta kwenye intaneti, kwenye simu ilikuwa kali sana, nikaenda steshenari wakaniprintia kwenye karatasi kubwa ya A1 ikatoka ina ukungu, hata sura hazieleweki. Mashine yao mbovu? (Mbezi, Dar)

Jibu: Mashine haina kosa ndugu yangu, faili lako ndo dogo. Kioo cha simu ni kama kiganja tu, pale picha yoyote inapendeza. Ukitaka A1 itoke safi tafuta picha yenye pikseli, yaani vile vidoto vinavyounda picha, kama 3,500 kwa 5,000, kwa A2 ambayo ni nusu ya A1 hata 2,500 kwa 3,500 inatosha, namba hizo unaziona ukifungua taarifa za picha. Afu usimtumie fundi WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na ikifika kule imeshapungua, itume kama dokumenti au mpelekee kwenye flashi. Kingine, posta ya sinema ya Marekani ni inchi 27 kwa 40, umbo lake jembamba kidogo kuliko A1, sasa fundi akitaka ijae karatasi nzima anaivuta na watu wote wananenepa. Mwambie asivute, aache weupe wa kama sentimita 1.3 kushoto na kulia, utaukata mwenyewe ukifika nyumbani.

Swali: Niliagiza posta kutoka nje, nyuma yake kuna picha ileile imegeuzwa kama kwenye kioo halafu imefifia. Nimepigwa? (Nairobi)

Jibu: Hapana, tulia kabisa, hiyo ni dalili nzuri. Kuanzia miaka ya 1990 hivi posta nyingi za majumba ya sinema Marekani zinachapwa pande mbili, kwa sababu zinawekwa kwenye boksi lenye taa nyuma na ile chapa ya nyuma inazuia rangi zisipauke mwanga ukipita. Wapo wanaogushi hata hizo kwa hiyo chukua futi upime, ikiwa inchi 24 kwa 36 jua ni ya madukani, haikutengenezwa kwa ajili ya sinema.

Swali: Mwanangu, mimi nimekulia Unguja, tukienda Majestic na Cine Afrique kuangalia picha za Kihindi. Wajukuu wamenitengenezea chumba cha sinema hapa Muscat, nataka mabango ya zamani lakini naogopa kuuziwa yaliyochapwa jana. (Muscat)

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, nimelipenda mno. Mabango mengi ya wakati ule yalichorwa kwa mkono na mafundi wa Bombay ndipo yakachapwa, ndio maana unaona mipigo ya brashi kwenye mashavu, upande mmoja wa uso umepakwa bluu na mwingine rangi ya machungwa na bado unamjua mwigizaji mara moja. Sasa, mabango hayo yalisafirishwa yamekunjwa, na hapo ndipo pa kumkamatia muuzaji. Fumba macho, pitisha kidole taratibu juu ya mstari wa mkunjo. La kweli kidole kinausikia ule mkunjo, na pale mikunjo miwili inapokutana mara nyingi karatasi imelika hadi kuna kitundu. La kugushi mstari unauona kwa macho lakini kidole kinateleza tu, maana walipiga picha bango la zamani pamoja na mikunjo yake wakachapa upya. Kama muuzaji yuko mbali muombe video, amulike bango kwa tochi ya simu kutokea pembeni, mkunjo wa kweli utatoa kivuli. Na chagua picha uliyoipenda wewe, kama moyo wako uko kwa Awaara ya Raj Kapoor ya 1951 basi tafuta hiyohiyo, wajukuu watauliza huyu ni nani na wewe ndo wa kuwasimulia. La asili likikushinda bei chukua la kuchapwa upya, ila ulipie bei ya la kuchapwa upya.

Swali: Mke wangu kakataa posta ya muvi ya kutisha sebuleni kwenye projekta, anasema watoto hawatalala. Nimshawishi vipi? (Dodoma)

Jibu: Usimshawishi kaka, shemeji yuko sahihi. Muvi inaisha baada ya masaa mawili ila posta inabaki pale usiku kucha na mtoto anapita kwenda chooni. Kama unapenda muvi za kukaba roho tafuta posta za aina ya ile mchoraji Saul Bass aliyoichora kwa ajili ya muvi ya Vertigo, 1958, yote rangi ya machungwa, mistari myeupe inazunguka kama kimbunga na katikati vivuli viwili vidogo vya watu. Hamna damu wala meno, na bado ukiiangalia sana kichwa kinazunguka.

Swali: Nimetundika posta nne zenye vioo ukutani pembeni, muvi ikianza naiona kwenye kila kioo. Nifanyeje? (Mombasa)

Jibu: Dada yangu hili linaudhi kweli. Kaa kwenye kiti chako, mpe mtoto kioo cha kujitazamia akipitishe polepole ukutani kwa urefu wa posta zako, popote utakapoiona skrini ndani ya kile kioo, hapo usitundike kitu kinachong'aa. Rudia kwa kila kiti. Utakuta sehemu salama zaidi ni ukuta wa nyuma ya viti na karibu na mlango. Ukuta wa skrini wenyewe uache mtupu na wa giza, mi sikubali posta hata moja pale, jicho linakimbilia huko wakati watu wanataka kuangalia muvi. Kama lazima zibaki pembeni toa kioo, weka ile plastiki ngumu isiyong'aa, au printi kwenye turubai la wachoraji.

Swali: Huku Tanga posta zinajikunja na kutoa madoa ya kahawia, hata za kwenye fremu. (Tanga)

Jibu: Hili linaniuma maana nimelipitia. Nilikuwa na posta niliyoitunza miaka, nikaiwekea fremu ya bei, kioo kimelalia karatasi moja kwa moja. Masika ilipoisha nikaona sehemu inayong'aa kama imelowa, fundi alipofungua, uso wa mwigizaji ukabaki kwenye kioo na karatasi ikabaki nyeupe. Nilikaa nayo mkononi sijui niitupe au niirudishe ukutani. Tangu hapo kila fremu yangu ina ukanda wa kadibodi unaozunguka kwa ndani ili kioo na karatasi visigusane, na nyuma kwenye kona za chini nabandika vipande vya raba ili fremu isilalie ukuta, hewa ipite. Usitundike ukuta ulio mgongoni mwa bafu, na usiweke panapopigwa na jua, rangi nyekundu na njano ndo zinatangulia kufa inabaki bluu tupu. Seloteipu usiguse posta ya thamani, na usiilaminishe, ukishalaminisha huitoi tena.

Swali: Nataka ukuta wenye kitu cha kwetu, sio Marekani tupu. (Arusha)

Jibu: Mtu wa Arusha anza na muvi ya Hatari! ya 1962, ya mwongozaji Howard Hawks, John Wayne yumo, walipiga huko kwenu na jina la Kiswahili wakaliacha lilivyo, herufi kubwa kwenye posta ya Kimarekani. Pembeni yake weka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, hadithi ya Adam Shafi, Zanzibar yenyewe. Za muvi zetu mpya waandikie watengenezaji uombe kununua faili kubwa la kuprinti, wengi wanapatikana mitandaoni, wao wanapata chochote na wewe unapata posta safi, usichukue la Instagram likakuletea ukungu kama wa yule wa Mbezi.