Mlonge na Sumu ya Magugu Bwawani

Swali: Mhariri, nafuga tilapia Ruai, na jirani yangu hupulizia dawa ya kuua magugu shambani mwake. Je, nikichanganya majani ya mlonge katika chakula, samaki watakingika? – Msomaji, Nairobi

Jibu: Kwa kiasi fulani tu. Dawa nyingi za magugu huzidisha, katika ini na matamvua ya samaki, chembechembe haribifu za oksijeni, nazo kemikali zilizomo katika mlonge, uliojaribiwa kwa tilapia maabarani, husaidia kuzidhibiti kabla hazijaharibu seli. Hata hivyo, kemikali hizo za mlonge haziondoi sumu majini, na majani yakizidi hudumaza samaki kwa sababu yana saponini na tanini, yaani kemikali za mimea ambazo zikizidi humzuia samaki kukitumia chakula vizuri. Kwa hiyo nakusihi kwanza uzungumze na jirani asipulizie mvua inapokaribia, kisha uchimbe mtaro wa kuyaepusha maji ya shamba lake na bwawa.