Ukipiga goti mshale unakwenda kushoto chini

Ndugu, umesema ukipiga upinde wako wa kitako (upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki, wenye darubini ya kulengea) ukiwa umesimama, mishale inakaa katikati, ila ukipiga goti inakwenda kushoto na chini kidogo. Usiguse darubini. Upinde wa kitako ukiinamia kushoto, mshale hufuata huko na kushuka, na goti ndilo linaloulaza.

Tundika uzi wenye nati nzito kando ya shabaha. Piga goti, kisha linganisha mstari wa wima wa darubini na uzi. Utaona upinde umeinama kiasi gani.

Sasa kiwiko. Usikiweke juu ya pia ya goti, mfupa kwa mfupa huteleza. Kisogeze mbele hadi nyama ya juu ya kiwiko ikae kwenye goti. Kukaa chini viwiko vyote vikiegemea magoti ni imara zaidi, ila miiba ya huku kwetu Dodoma, fagia kwanza!

Kidole gumba kikae chini ya reli, yaani njia ya juu ya kitako anapopita mshale na kamba, daima. Kamba hukata kidole. Hakikisha mikono ya upinde haitagonga goti wala tawi ikifunguka, na usifyatue bila mshale, itapasuka.

Piga mita 20, mshale mmoja, simama, tembea, rudi upige goti upya. Mitatu kwa kila mkao yatosha. Shabaha iwe gunia la sandarusi lililoshindiliwa matambara, nyuma yake kichuguu kikubwa. Fanya asubuhi kabla upepo haujaanza.

Kuwinda kwenyewe ni kwa kibali tu.